Mshenga wa Elektroni

Verediana Kalinga hakuwa mwongo, na hilo tuliseme mapema kabla watu hawajaanza kumnyooshea kidole. Alikuwa binti wa mshenga, na ushenga ni kazi nyingine kabisa. Baba yake, Mzee Kalinga wa Kilolo, aliozesha nusu ya vijana wa tarafa ile kwa ulimi wake tu. Upande wa mume ukisema, "Hatutoi hata kwato ya ng'ombe," yeye alifika upande wa mke akasema, "Wanajipanga, wanaomba subira kidogo." Upande wa mke ukisema, "Kijana wao mvivu," yeye alirudi akasema, "Wanauliza kijana anapenda kazi gani." Kila neno lililopita kinywani mwake lilifika limepungua makali nusu, na watu wakaoana, wakazaa, wakamletea pombe ya ulanzi ya shukrani. Verediana alikua akimsikiliza, akadhani dunia nzima inaendeshwa hivyo.

Mwaka 1976 alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anaishi kwa shangazi yake Evarista kule Iyunga, Mbeya, na anafanya kazi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeielewa. Majirani wakiuliza, shangazi alijibu, "Anazungusha mashine." Ya kusaga? "Ya hesabu." Hesabu za nini? Hapo shangazi alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Hesabu zilikuwa za pareto. Nyuma ya barabara kuu kulikuwa na kituo kidogo cha utafiti, vyumba vitatu vya bati, na mtaalamu mmoja wa kemia aliyeitwa Nkuba, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Nkuba alitaka kujua jambo ambalo kila mkulima wa Kilolo analijua kwa hasara tu: kwa nini dawa iliyomo ndani ya ua la pareto, kali kiasi cha kuangusha inzi kabla hajatua, inajifia yenyewe ikipigwa na jua. Aliamini kwamba jibu limejificha katika kipande kidogo cha dawa hiyo, atomi sita tu, tano za kaboni na moja ya oksijeni, na katika namna elektroni sita zinazohamahama zinavyogawana nafasi juu ya atomi hizo. Ukijua elektroni zimejazana wapi, alisema, utajua jua linavunjia wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yake, na chuo kilikuwa kimemsubiri miaka mitatu kikaanza kuchoka.

Hesabu za namna hiyo wenzetu wa ng'ambo walikuwa wanaipa kompyuta. Dar es Salaam kompyuta ilikuwepo, lakini mbele ya Nkuba kwenye foleni walikuwepo watu wa mishahara, watu wa umeme na watu wa kodi, na hakuna hata mmoja wao aliyesikitikia pareto. Programu yenyewe alikuwa nayo. Rafiki yake aliyesoma naye alimtumia kwa posta, kurasa arobaini za maagizo. Alichokosa ni mashine ya kuyatii. Basi Nkuba akaamua kwamba ataiendesha programu kwa watu.

Akaichambua agizo kwa agizo, akaiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi za manila na kuzibandika ukutani. Hatua kumi na nne. Ya kwanza ilisema: kisia kila atomi ina elektroni kiasi gani. Zilizofuata zilieleza jinsi ya kukokotoa namna elektroni hizo zinavyosukumana, na msukumo huo unazipeleka wapi. Ya kumi na tatu: soma kiasi kipya. Ya kumi na nne ilikuwa na wino mwekundu: linganisha kipya na cha zamani, tofauti ikiwa chini ya moja ya mia, simama, ikizidi, chukua kipya, rudi hatua ya pili. Yaani unazikisia elektroni mahali, halafu unaziuliza kama zinakubali kukaa hapo. Zikikubali, umepata jibu. Zikihama, unaanza tena.

Kompyuta ya Iyunga ilikuwa na viungo vitatu. Nkuba alipanga kazi. Kasian, mtu wa makamo aliyewahi kuwa karani wa stoo, baba wa watoto saba, alisoma tarakimu kwa sauti na kuhakiki majumlisho. Verediana alizungusha mkono wa mashine ya hesabu, chuma kizito cha kuazima chuoni, chenye kengele ndogo na kidirisha ambamo tarakimu zilijitokeza. Yeye peke yake alikisoma kidirisha, na yeye ndiye aliyeandika matokeo kwenye karatasi ya mzunguko unaofuata. Mzunguko mmoja ulikula siku mbili.

Aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Shule alikatishwa kidato cha tatu baba alipougua, na tangu hapo alikuwa akiitamani hesabu kama mtu anavyotamani chumvi. Nkuba alimwahidi kwamba tasnifu ikikamilika atamwandikia barua ya kuombea nafasi kwenye kozi ya takwimu Dar es Salaam. Bila barua ya mkuu wa kazi, kozi hiyo hawakupokei hata ukilia. Verediana aliiwaza barua hiyo akiosha vyombo, akipanga foleni ya sukari, hata kanisani, Mungu amsamehe.

Sasa elektroni zikagoma.

Mzunguko wa kwanza oksijeni ilipata 1.71. Wakaichukua hiyo, wakazunguka siku mbili, ikatoka 1.18. Wakaichukua hiyo, ikatoka 1.72. Kisha 1.17. Elektroni zilikuwa zinaikimbilia oksijeni, zinakuta msongamano, zinatimka zote, zinakuta huko nako kumejaa, zinarudi. Mizunguko minane, siku kumi na sita, mkono wa Verediana umevimba kiwiko, na hatua ya kumi na nne inawarudisha palepale.

Nkuba hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu anayezama. Akaacha kula mchana. Akaanza kutafuta mchawi, na mchawi aliyekuwa karibu ni Kasian.

"Unajumlisha vibaya," alimwambia.

"Nimehakiki mara tatu, Bwana Nkuba. Jumla ya zote inakuja sita. Elektroni sita, hazikupotea."

"Basi unasoma vibaya! Mtu mzima unashindwa kusoma namba?"

Siku ya kumi na sita alimwambia mbele ya Verediana kwamba Jumatatu atamrudisha stoo, na stoo ile ilikuwa imefungwa tangu mwaka uliotangulia. Kila mmoja alijua maana yake. Kasian alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaifuta tena. Verediana alimtazama, na moyo wake ukafanya alichofundishwa nyumbani.

Mzunguko wa tisa, kidirisha kilimwonyesha 1.71. Karatasi ya zamani ilisema 1.18. Verediana akachukua katikati, akaandika 1.445. Zile atomi nyingine tano nazo akazifanyia vilevile, kila moja nusu ya njia. Kasian akajumlisha: sita kamili. Nusu ya sita na nusu ya sita, ingekuja nini tena? Nkuba akaiangalia karatasi kwa muda mrefu, akasema tu, "Imetulia kidogo. Endeleeni."

Mzunguko wa kumi kidirisha kilisema 1.49, naye akaandika 1.468. Wa kumi na moja akapunguza tena. Alipunguza mara tano, na kila mara tofauti ilikuwa ndogo zaidi, mpaka katika mzunguko wa kumi na tatu oksijeni ilisimama kwenye 1.463. Hatua ya kumi na nne, kwa wino wake mwekundu, ikawaambia wasimame.

Nkuba alipiga yowe lililowatoa watu nje. Akamkumbatia Kasian, akamwomba radhi mbele ya mpishi na mlinzi, akanunua majogoo wawili. Kasian alikula huku machozi yanamtoka, akisingizia pilipili. Verediana naye alikula, lakini nyama yake alimwachia mlinzi. Aliwapatanisha watu, sawa. Ila safari hii hakupatanisha watu peke yao. Aliziandikia atomi maneno ambayo hazikuyasema.

Wiki tatu Nkuba aliandika, naye Verediana akanakili majedwali kwa mwandiko wake mzuri. 1.463. Kila alipoiandika tarakimu ile ilimchoma. Alijaribu kujituliza kwamba hakuna aliyedhurika. Halafu Nkuba akajiandaa kwa safari. Angeshuka Iringa kwanza kuchukua maua ya pareto kutoka Kilolo, kisha aendelee Dar es Salaam kuitetea tasnifu Jumatatu. Mashine ya hesabu aliibeba pia, chuo kiliitaka. Akiwa mlangoni alimwambia, "Barua yako naiandika nikirudi. Na usiogope, wale wazee wa chuoni hawawezi kurudia hesabu hizi. Wataniamini mimi, na mimi nakuamini wewe."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Usiku huo... lakini tuache usiku, kila mtu anajua usiku wa mwenye siri ulivyo. Asubuhi alimweleza shangazi yote. Evarista alisikiliza huku anachambua mchele, akauliza swali moja tu.

"Ukinyamaza, barua unapata?"

"Napata, shangazi."

"Na ukisema?"

"Sipati. Na kazi sina."

"Haya," alisema shangazi, akaenda chumbani akarudi na nauli iliyofungwa kwenye pindo la khanga. "Mficha uchi hazai. Nenda kamwambie kabla hajasimama mbele za watu. Mtoto wa watu huyo, ana mama yake huko Usangu."

Basi lilimfikisha Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, jioni ya Alhamisi, akalala kwa binamu yake. Ijumaa saa moja asubuhi alimkuta Nkuba kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara, alikofikia kila safari, anakunywa chai, mzigo wake umefungwa tayari, gunia la maua na sanduku la mashine miguuni. Basi la Dar es Salaam lilikuwa linapita saa nne. Alipomwona alifurahi kwanza, kisha akaogopa.

"Kamwene, Verediana!" alimsalimu kwa Kihehe. "Kuna msiba?"

"Kamwene. Hakuna msiba, Bwana Nkuba." Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, maneno laini, yenye mzunguko, ya kumfaa binti wa Mzee Kalinga. Yote yalimtoka kichwani. "Namba za mwisho si za mashine. Ni zangu. Nilizibadilisha."

Nkuba aliweka kikombe chini polepole.

"Ulibadilisha nini?"

"Zote sita. Mara tano."

Kilichofuata hakipendezi kuandika. Nkuba alisimama, kiti kikaanguka, akapaza sauti mpaka mwenye nyumba akachungulia. Alimwita mwongo, akamwita mwizi wa miaka mitatu ya maisha yake. Alimwuliza kama anajua atakavyochekwa, mchunga ng'ombe aliyedhani anaweza kemia. Verediana alisimama na mikono nyuma kama mtoto wa shule, machozi yanamtiririka, na hakujitetea mpaka alipoulizwa kwa nini.

"Kwa sababu ya Kasian," alisema. "Ulikuwa unamfukuza kwa kosa ambalo hakufanya. Hesabu zake zilikuwa sawa siku zote. Nilikuwa nakuona unamvunja mzee mbele yangu, na mi sikuwa na kitu kingine mkononi isipokuwa kalamu."

Nkuba aliinua kiti akaketi. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona uso wake kwenye kioo asichokitarajia.

"Ulizibadilishaje? Ulibuni?"

"Sikubuni. Mashine ikisema 1.71 na karatasi ya zamani inasema 1.18, nachukua katikati. Baba hufanya hivyo. Huku wanavuta, kule wanavuta, unapeleka nusu."

"Kila mara nusu?"

"Kila mara. Na zote sita, ili jumla isiharibike."

Nkuba akatazama meza. Kidole chake kikaanza kuchora duara kwenye chai iliyomwagika. "Na mwishoni? Mara ya mwisho mashine ilisema ngapi, kabla hujaigusa?"

"Sikumbuki, Bwana Nkuba. Ilikuwa karibu sana na ya zamani. Nilipunguza kwa mazoea tu."

"Baba yako," alisema Nkuba taratibu, "siku pande mbili zikikubaliana kweli, anapunguza nini?"

Verediana akafikiri. "Hapunguzi kitu. Wakisema neno moja, nusu ya njia ni palepale."

Wakatazamana. Nkuba akainama akafungua sanduku la mashine. Mwenye nyumba akaambiwa aondoe vikombe. "Tunazunguka mara moja," alisema. "Tunaingiza zile ulizoandika wewe, tunafuata hatua zote, na hakuna mtu anayepunguza. Zikikaa palepale, zilikuwa zimekubali zenyewe, wewe uliziwahisha tu. Zikiruka, mimi narudi Mbeya na aibu yangu." Kisha akaongeza bila kumtazama, "Na kidirisha nasoma mwenyewe."

Ikamwuma, lakini ilikuwa haki yake.

Kwa kuwa walianza karibu na jibu, na hawakuhakiki mara tatu kama kule Iyunga, hatua zile ndefu zilifupika. Hata hivyo ilikuwa kazi. Verediana alizungusha, kengele ikalia, Nkuba akasoma na kuandika. Saa nne basi la Dar es Salaam lilifika, likapiga honi, utingo akaingia ndani akamwita abiria wake. Nkuba hakuinua kichwa. "Nenda," alisema, "nitakuja na la kesho." Mwenye nyumba alileta ugali na mboga, ukapoa. Saa nane wakagundua kosa dogo katika hatua ya tisa, wakarudia. Kosa lilikuwa la Nkuba mwenyewe, naye akalitaja kwa sauti: "Langu." Verediana alijua neno hilo linaelekezwa kwa mtu aliyebaki Mbeya.

Saa kumi na nusu walifika hatua ya kumi na tatu. Zilibaki tarakimu za oksijeni. Verediana alizungusha mara ya mwisho, akatoa mkono kwenye mashine, akaugeuza uso wake kuelekea duka lililokuwa ng'ambo ya barabara. Hakutaka kuona. Barua alishaiaga tangu Mbeya. Alichokiogopa sasa ni kwamba mtu huyu ataondoka mikono mitupu kwa ajili yake.

Nkuba alisoma kidirisha. Akavua miwani akasoma tena.

"Soma wewe," alisema.

"Ulisema unasoma mwenyewe."

"Nimeshasoma. Sasa soma wewe, ili niamini."

Verediana akainama. Moja, nukta, nne, sita, sita. Karatasi ya zamani ilisema 1.463. Akasoma mara mbili. Tofauti ilikuwa tatu ya elfu, na zile tano nyingine hazikuzidi hapo. Hakuna aliyepunguza kitu. Elektroni zilikuwa zimekaa kweli.

Alilia, na safari hii hakusingizia kitu. Nkuba alicheka kicheko kifupi cha uchovu, akachukua karatasi ya tasnifu yenye orodha ya hatua, akachomeka mstari kati ya ya kumi na tatu na ya kumi na nne: chukua nusu ya kipya na nusu ya cha zamani. "Hatua ya kumi na tatu na nusu," alisema. "Aliyekosea ni mimi niliyeandika ukuta ule. Nilitaka zikubaliane kwa mruko mmoja. Hata ng'ombe huwezi kuwageuza hivyo mlangoni mwa zizi, wataumizana. Na Jumatatu, wazee wakiuliza hatua hii imetoka wapi, nitawaambia imetoka kwa nani."

Kisha akakunja uso tena. "Ila usifikiri nimesahau. Ungenyamaza, ningesimama pale nikiapa kwa kitu nisichokijua. Kingekuwa kweli au si kweli, mimi nisingejua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akavuta karatasi safi, akaandika kwa haraka, akatia sahihi, akamkabidhi bila kuitia kwenye bahasha. Ilikuwa fupi.

"Ndugu Verediana Kalinga alibadilisha hesabu zangu mara tano bila kuniambia. Baadaye alisafiri kutoka Mbeya hadi Iringa, kwa hiari yake, kuja kuniambia, akijua atapoteza kazi. Mimi nimemrudisha kazini. Naomba mumpokee kwenye kozi ya takwimu."

Verediana aliisoma amesimama. Furaha na hofu vilimpanda pamoja.

"Hiyo sentensi ya kwanza," aliuliza, "lazima iwepo?"

"Ya pili haina maana bila ya kwanza," alisema Nkuba. "Lakini barua ni yako. Mimi nimeshatia sahihi, sitaiona tena."

Jumamosi asubuhi, basi lilipokwisha kumchukua Nkuba na gunia lake, Verediana alipanda mlima kwenda mjini Iringa. Posta alinunua bahasha na stempu, akaketi kwenye benchi, barua magotini. Kalamu alikuwa nayo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Nkuba, na kwa kunakili majedwali yake alishajifunza kuuiga ule wa Nkuba mpaka sahihi. Ingetosha kuandika, "alinisaidia kurekebisha hesabu zangu." Hata uongo usingekuwa. Karani wa dirishani alimwuliza kama anasubiri mtu.

"Hapana," alisema Verediana. Akaikunja barua, akailamba bahasha, akaitumbukiza kwenye sanduku kama ilivyo.